Trela yenu inasimulia filamu nzima, ndiyo maana haimshiki mtu

Nimetumiwa swali na mwanafunzi wa stashahada, mwaka wa pili, yuko Mwanza, nalifupisha hapa ili na wengine mfuatilie: "Shikamoo dada. Tuko watano, tumepewa kazi ya kutengeneza trela ya filamu ambayo haipo, tunajitungia wenyewe, isizidi dakika 2, halafu tuandike ripoti kueleza tumetumiaje teknolojia kwenye utafiti, kupanga, kutengeneza na kutathmini. Hadithi yetu ni ya binti wa mvuvi wa dagaa, baba ameingia ziwani usiku hajarudi, binti anagundua baba alikuwa anaficha jambo. Tuna simu tatu na laptopu moja ya RAM GB 8. Tulijaribu, ikatoka dakika 3 na sekunde 40, mwalimu akasema huu ni muhtasari siyo trela, na maneno hayasikiki. Je tukodi kamera? Tuanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kamera msikodi. Hela ya kukodi kamera siku mbili mnaihitaji kwa nauli zenu na chakula cha waigizaji, na hata mkiikodi trela itabaki vile vile kwa sababu tatizo lenu haliko kwenye kamera. Mwalimu amewaambia ukweli ila kawaambia kwa kifupi, mimi nitaurefusha, maana nimeediti trela kwa miaka mingi na karibu kila kazi ya wanafunzi ninayoletewa ina ugonjwa huo huo.

Ugonjwa ni huu, mnaieleza hadithi. Mnaanza na familia ina furaha, baba anaaga, hajarudi, mama analia, binti anatafuta, anakuta siri, anapambana na mtu mbaya, mwisho tunaona kama baba yupo au hayupo. Mtu akimaliza kuangalia ameshashiba, filamu aiangalie ya nini tena? Trela ni tangazo fupi la filamu, kazi yake ni kumwachia mtu swali moja linalomuwasha. Moja, siyo matano. Kwa hadithi yenu mimi swali naliona liko wazi kabisa, na siyo "baba atarudi?" kwa sababu hilo kila mtu ameshalisikia. Swali lenu ni "baba alikuwa anafanya nini kule ziwani usiku, kama siyo kuvua?" Andikeni sentensi hiyo kwa maka kwenye karatasi, bandikeni ukutani pale mnapoeditia, halafu kila shoti (kipande kimoja cha picha) mnayotaka kuiweka iulizeni, wewe unaliongeza hili swali au unalijibu? Ikilijibu toa, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote, hata kama mliamka saa 10 usiku kuishuti.

Kuna kitu kidogo cha historia kitawasaidia hata kwenye ripoti. Neno trela maana yake ni kitu kinachofuata nyuma, kama trela la lori, kwa sababu zamani matangazo haya yaliwekwa baada ya filamu kuisha. Inayotajwa kuwa ya kwanza ni ya mwaka 1913 kule New York, Nils Granlund alikuwa mtu wa matangazo wa majumba ya maonyesho ya Marcus Loew, akatengeneza kipande cha picha kutangaza mchezo wa jukwaani, wala haikuwa filamu. Baadaye wakagundua watu filamu ikiisha wanaondoka zao, ndipo matangazo yakahamia mwanzoni, jina likabaki lile lile. Nawaambia hivi kwa sababu tangu siku hiyo ya kwanza trela ilikuwa tangazo, haikuwahi kuwa muhtasari.

Sasa utafiti. Najua mlifanya kama wote wanavyofanya, mkaangalia trela kumi YouTube, mkaandika "zilitupa msukumo". Huo siyo utafiti. Chukueni trela tano tu za aina ya filamu yenu, za kutisha kidogo, za siri, za familia, na angalau mbili ziwe za huku kwetu, halafu mzichane. Fungueni kwenye VLC, programu ya bure ya kuangalia video, ukibonyeza herufi E kwenye kibodi picha inasogea fremu moja moja, yaani picha tuli moja baada ya nyingine, kwa hiyo unaona kabisa kata iko wapi, pale shoti moja inapoisha na nyingine inaanza. Kwenye jedwali la kompyuta andikeni kila shoti imeanza sekunde ya ngapi, imekaa muda gani, tunasikia nini wakati huo (sauti ya mtu, muziki, kimya), na je anayeongea tunamuona mdomo au hapana. Ni kazi ya kuchosha, inakula siku nzima, ila mkifika trela ya tatu mtaona mambo mawili ambayo hakuna mtu angeweza kuwaambia mkamwamini. La kwanza, shoti zinakuwa ndefu mwanzoni halafu zinafupika, zinafupika, mpaka karibu na mwisho ni kama mtu anapiga makofi, halafu ghafla kimya. La pili, na hili ndilo litakalowaokoa nyie, maneno mengi kwenye trela humuoni anayeyasema. Unamsikia mama anaongea huku unaangalia mtumbwi.

Elewa hilo linamaanisha nini kwenu. Linamaanisha tatizo la maneno kutosikika pale mwaloni (ufukweni mitumbwi inapotia nanga), upepo, injini, watu wanapakua dagaa, redio ya mtu, pikipiki, tatizo hilo lote mnaweza kulikwepa. Hamuhitaji kurekodi mazungumzo ziwani. Rekodini mazungumzo chumbani, usiku, feni imezimwa, friji imechomolewa, godoro limesimamishwa ukutani, mwigizaji amejifunika blanketi au ameingiza kichwa kwenye kabati lenye nguo, na simu iko kama shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya P na B isiipige. Nguo zinakula mwangwi, ndiyo studio yenu hiyo. Halafu maneno hayo yalazeni juu ya picha za ziwa. Sehemu ambazo lazima tumuone mtu anaongea ziwe mbili tu, tatu zikizidi sana, na hizo mzishuti asubuhi mapema kabla upepo wa ziwa haujaamka, maana kuanzia kwenye saa 5 hivi unaanza kuvuma kuja nchi kavu na hapo hamna maiki ya bei ndogo itakayowasaidia.

Kwa sehemu hizo mbili tatu fanyeni hivi. Simu yenye kamera nzuri kuliko zote ndiyo ishuti peke yake, msichanganye simu tatu kwenye tukio moja, rangi hazitafanana na mtapoteza siku mbili mnazilazimisha zifanane. Simu ya pili iwe rekoda, chomekeni zile earphone za waya zenye maiki, waya upite ndani ya shati, maiki itokee karibu na kola, simu iingie mfukoni kwa mwigizaji, airplane mode imewashwa ili asipigiwe katikati. Kama kuna upepo chaneni kipande cha sponji ya godoro muifunike ile maiki. Kabla ya kuanza mtu apige kofi moja mbele ya kamera, mkija kuediti mnalinganisha picha ya mikono inapokutana na mlio wa kofi, sauti na picha zinakaa sawa. Simu ya tatu ni ya kupiga picha za kumbukumbu, nguo ilikuwaje, kilemba kilifungwa upande gani, ndoo ilikuwa mkono gani, na humo humo mnaandika klipu ipi ni nzuri. Mkimaliza kila sehemu, wote mnyamaze sekunde 30 na simu ya pili irekodi huo ukimya wa mahali hapo. Najua inaonekana ujinga watu watano kusimama kimya mwaloni huku watu wanawashangaa, ila huo ukimya ndio gundi, ukikata maneno ya mtu unaziba pengo kwa ukimya wa hapo hapo, bila hivyo sikio linasikia shimo.

Sauti nyingine zote mtazitengeneza wenyewe na hapa ndipo nataka mfurahie kazi. Maji yanayogonga mtumbwi ni beseni na mkono. Kamba ya nyavu ni kamba ya katani unaivuta juu ya ubao. Kasia ni mwiko mkubwa ndani ya ndoo. Rekodini kwa karibu sana, usiku, zitakuwa kubwa na safi kuliko za ziwani kwenyewe, na mtu akiangalia hatojua, atahisi yuko ndani ya mtumbwi.

Turudi kwenye kamera kidogo kisha tuiache. Wekeni fremu 25 kwa sekunde, ubora wa 1080, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Sababu ni umeme wetu, ni wa hezi 50, taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, shata isipoendana nayo mnapata mistari inayotembea kwenye ukuta na sura, nadhani kwenye jaribio la kwanza mliiona. Kama simu yenu inakubali fremu 30 tu si mbaya, nyumbani kwenye taa wekeni shata 1/50 au 1/100, itatulia. Kamera ya kawaida ya simu haikuachii kushika hayo, kwa Android pakueni Open Camera, ni ya bure, na kuna Blackmagic Camera nayo ni ya bure ila kwa Android inakubali simu baadhi tu. Fungeni mwanga na fungeni rangi kabla ya kila shoti, simu ikiachwa ijiamulie itabadilisha mwanga katikati ya uso wa mtu na hilo halitengenezeki baadaye. Mchana nje shata itapanda, hamna namna, kaeni kwenye kivuli cha banda au mti. Saa 7 mchana msishuti sura ya mtu kabisa, jua linakuwa utosini, macho yanageuka mashimo meusi. Usizumu kwa vidole, tembea usogee. Na futa lenzi! Nguo safi, kila mara, mikono yenu imeshika dagaa.

4K, ule ubora mkubwa kuliko 1080, msihangaike nayo. Video ya 1080 kwenye simu nyingi inakula kama MB 130 kwa dakika, 4K inaweza kula mara mbili mpaka tatu ya hapo, na laptopu ya GB 8 itawalilia. Tena mwalimu ataiangalia kwenye projekta ya darasani.

Usiku ndiyo mtihani. Simu usiku zinatoa picha yenye chengachenga, nyeusi inakuwa kama mchanga. Kwa hiyo matukio ya usiku yenye watu msiyashuti usiku, yashuti jua likishazama tu. Mwanza jua linazama kwenye saa 1 kasoro jioni na kwa vile tuko karibu na ikweta giza linaingia haraka, mna kama dakika 20 za ule mwanga wa bluu, basi. Mazoezi yote yafanyike kabla, mwigizaji ajue anaangalia wapi, ikifika saa yake mnashuti tu bila maneno. Shusheni mwanga kidogo kwenye kamera, mkononi kwa binti wekeni taa ya njano, kwenye skrini itakuwa usiku na sura inaonekana. Mtumbwi nao, tafadhali sana, ubaki kwenye maji ya magotini umefungwa kamba nje ya fremu, jaketi za kuokolea ziwepo, na mwenye mtumbwi awe amesimama pale. Ukishuti kwa chini karibu na maji, huku nyuma hakuna nchi kavu, mtu anaamini mko katikati ya ziwa. Mwaloni msiende kimya kimya pia, chukueni barua ya chuo, muwaone serikali ya mtaa na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo huo, na mtu yeyote ambaye sura yake itaonekana vizuri aombwe, akikubali arekodiwe akisema amekubali. Wavuvi wakielezwa vizuri ni watu wa msaada sana, watawapa hadi hadithi bora kuliko yenu.

Kuediti. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini maana ndiyo kiini cha jibu langu lote. Msianze na picha. Fungua mradi, weka sekunde 90 za giza tupu, siyo dakika 2, dakika 2 ni mwisho mliowekewa siyo lengo, halafu mjenge sauti tupu. Maji. Pumzi. Mama anasema sentensi moja. Kimya. Redio ya mbali inatangaza hali ya hewa. Binti anauliza kitu. Muziki unaingia chini chini. Maneno ya mtu mwingine yanayopingana na ya mama. Kamba inavutwa kwa nguvu. Kimya tena. Zimeni skrini, kaeni wote watano chini, fumbeni macho, sikilizeni. Kama hamjasisimka bila picha basi picha hazitawasaidia, rudini kupanga sauti. Mimi trela zangu zote nazifanya hivi tangu siku nilipopoteza diski yenye picha za kazi ya mtu, ilianguka mezani, nilikuwa sina nakala, kilichobaki kwenye laptopu ni sauti tu. Nililia. Halafu usiku ule nikakaa na sauti peke yake kwa sababu sikuwa na kingine, na tuliporudi kushuti upya shoti chache tukazilaza juu ya zile sauti, trela ikawa na nguvu ambayo ile ya mwanzo haikuwa nayo hata robo. (Kwa hiyo na nyie, nakala tatu za kila klipu, laptopu, flashi, na moja ikalale nyumba nyingine, usiku ule ule mliposhuti.)

Sauti ikikaa ndipo mtafute picha, na msiweke picha ya kitu kile kile kinachosemwa. Mama akisema "baba yako ni mtu mwema" tusimuone baba anatabasamu, tuone mkono unaficha kitu chini ya mbao za mtumbwi. Papo hapo mtu ameshajiuliza swali lenu na hakuna aliyelitamka. Kuna Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, kama miaka 100 hivi iliyopita alionyesha kwamba uso ule ule wa mwigizaji, asiyefanya chochote, ukiuweka kabla ya picha ya chakula watu wanasema ana njaa, ukiuweka kabla ya jeneza wanasema ana huzuni. Nyie hamna waigizaji wazoefu, si ndiyo? Basi msimlazimishe binti alie. Mwambieni aangalie tu, asifanye kitu, sekunde 20, kwa karibu. Uso huo huo mtautumia mara tatu, mara ya kwanza baada yake ni ziwa tupu, mara ya pili ni fungu la hela kwenye debe la dagaa, mara ya tatu ni mtu amesimama mlangoni. Mtaona mtu mmoja amepitia hisia tatu na hakukunja hata nyusi.

Na ile mbinu ya sauti kutangulia picha muitumie, yaani tunaanza kusikia sehemu inayofuata nusu sekunde kabla hatujaiona, au picha imeshabadilika ila maneno ya nyuma bado yanaendelea. Kata ambazo sauti na picha zinakatika pamoja kila mara zinafanya kazi ionekane kama slaidi za harusi.

Programu ya kuediti. DaVinci Resolve ya bure ni nzuri sana, ila kwa RAM GB 8 itawakwamisha, watengenezaji wenyewe wanashauri kuanzia 16. Tumieni Shotcut au Kdenlive, za bure, hazibandiki nembo, na zote zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za klipu ili laptopu isigande, wakati wa kutoa video ya mwisho inarudi kwenye klipu zenye ubora. CapCut kwenye simu itumieni kwa rasimu tu, mkiwa kwenye daladala mnajaribu mpangilio. Jambo moja linalowachanganya wengi, simu hazishuti fremu kwa mwendo ulio sawa, zinaongeza na kupunguza, kwa hiyo ukiingiza kwenye kompyuta sauti inaanza sawa halafu inaachana na mdomo taratibu. Siyo kosa lenu. Pitisheni klipu kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, chagueni mwendo wa fremu usiobadilika, 25 (au 30 kama ndiyo mliyoshutia), ubora juu, ndipo muediti. Sauti za watu zicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha sauti cha programu, jumla ya kila kitu isiguse 0 kabisa, acheni hata -1. Muziki ushuke mtu anapoongea, siyo mtu apandishwe juu ya muziki. Halafu sikilizeni kwenye spika ya simu, siyo earphone peke yake, kwa sababu watu wetu wengi wataangalia kwenye simu na yale mabesi mazito ya kutisha mnayoyapenda kwenye spika ndogo hayasikiki kabisa, trela inabaki bubu. Kama kuna mshindo muhimu, uchanganyeni na sauti kali ya juu juu, mbao kuvunjika au chuma kugongwa.

Muziki msiibe. Wimbo wa msanii mkubwa mtaupenda, mkiweka YouTube utatambuliwa siku hiyo hiyo, na zaidi ya hapo unakuja na kumbukumbu zake, mtu anafikiria wimbo badala ya baba yenu. Maktaba ya sauti ya YouTube ina miziki ya bure, someni masharti ya kila mmoja, mingine inataka mtaje jina la mtunzi. Ila mimi ningemtafuta bibi au mama wa huko mwaloni anayejua kuimba wimbo wa kazi au wa kubembeleza mtoto, kwa Kisukuma au Kikerewe, muombe ruhusa, mumlipe chochote mlicho nacho, mrekodi sauti yake peke yake bila ala. Sauti moja ya mtu mzima inaimba polepole juu ya maji meusi. Nikifikiria tu hapa nimesisimka. Wekeni tafsiri ya Kiswahili chini, herufi kubwa za kutosha, na kila maandishi yakae muda wa kuyasoma mara mbili kimoyomoyo. Kama mmeweka yale maandishi ya katikati ya "Mwaka huu..." na "Siri moja..." ondoeni yote, yametumika mpaka yamechoka. Jina la filamu mwishoni, basi.

Tathmini najua mlifanya kama wengi, fomu ya Google mkauliza "je umeipenda?" na watu 30 wakasema ndiyo. Hao ni marafiki zenu, wangesema nini? Chukua watu wanane ambao hawajui hadithi, wawili wawe watu wazima, muwaonyeshe mara moja tu kwenye simu, halafu ulizeni maswali mawili, "unadhani filamu inahusu nini" na "ungetaka kujua nini". Rekodini majibu kwa sauti. Swali lenu la ukutani likitoka mdomoni kwa watu sita bila kuambiwa, mmefaulu. Wakikusimulia hadithi nzima mpaka mwisho, bado mnafanya muhtasari, rudini mkate. Wawekeeni wengine bila sauti, wengine sauti bila picha, na mnapowaonyesha msiangalie skrini, angalieni macho yao, sekunde wanayogeuka kuangalia pembeni iandikeni, hapo pamelegea.

Na ripoti. Kila mwaka nasoma ripoti za wanafunzi zinazosema "tulitumia simu kushuti, laptopu kuediti, WhatsApp kuwasiliana na Google kutafuta taarifa". Hiyo ni orodha ya vifaa, hata fundi anayo. Mwalimu anataka kuona maamuzi. Andikeni namna hii: "Tulipochana trela tano kwenye VLC tuliona maneno mengi yanasikika bila msemaji kuonekana, kwa hiyo tukaamua kurekodi mazungumzo chumbani, jambo lililotatua tatizo la upepo tulilolipata kwenye jaribio la kwanza. Ila liliibua tatizo jingine, sauti ilikuwa safi kuliko mahali panapoonekana, tukalazimika kuongeza sauti ya ukimya wa mwaloni chini yake." Unaona? Kifaa, sababu, kilichobadilika, na gharama yake. Wekeni picha ya jedwali, picha ya mstari wa kuhariri wa toleo la kwanza na la mwisho zikiwa juu na chini, na msifiche lile jaribio la dakika 3 na sekunde 40, hilo ni dhahabu, bila hilo hamna cha kulinganisha. Hifadhini mradi kwa jina jipya kila siku ili ushahidi uwepo. Mkitumia akili mnemba kwa chochote, hata kusafisha sauti tu, semeni, na sauti ya mtu msiigize kwa mashine bila yeye kujua.

Mkitoa faili ya mwisho iwe MP4, H.264 (namna ya kubana video, mtaiona kwenye orodha ya programu), 1080, megabiti 10 kwa sekunde, kwa sekunde 90 ni kama MB 110 hivi, inaingia hata kwenye flashi ya zamani. Mkimtumia mwalimu kwa WhatsApp itumeni kama dokumenti, siyo kama video, vinginevyo inakamuliwa na kazi yote ya rangi inapotea.

Sasa kimoja ambacho hukuniuliza. Shoti yenu kubwa kuliko zote hamuhitaji mwigizaji hata mmoja, ni zile taa za wavuvi wa dagaa usiku, ukisimama juu ya mawe unaona ziwa limegeuka mji. Hiyo ndiyo ya mwisho, baada ya makelele yote kukatika, ziwa lenye taa nyingi, sauti ya yule bibi peke yake, halafu katikati taa moja inazimika. Jina la filamu. Kule kuzimika mtafanya kwenye kuediti, ni kuifunika taa moja tu kwa kipande cheusi, simu iwe kwenye stendi isitikisike hata kidogo. Ila wavuvi wa dagaa wanategemea giza, mwezi ukiwa mpevu mbalamwezi inazishinda taa zao na wengi hawatoki, mkienda siku hizo mtakuta ziwa tupu. Kwa hiyo kabla hamjapangiana tarehe yoyote ya kushuti, muulizeni mvuvi yeyote pale mwaloni Kirumba giza linaanza lini, halafu ratiba yote ianzie hapo kurudi nyuma.